Kabla Hujanunua Jenereta, Hesabu Wati Zako

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, barazani na hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, si la siasa. Ni hili: stima ikipotea, ninunue nini? Anayeuliza huwa ana kinyozi, au duka la fotokopi, au friza ya samaki, au chumba cha kurekodi kaswida, na mara nyingi ameshapewa jibu na muuzaji kabla hajanifikia mimi. Muuzaji wa jenereta humwambia jenereta. Muuzaji wa sola humwambia sola. Hakuna aliyemuuliza anatumia wati ngapi, kwa saa ngapi, wala stima ya kwake hupotea vipi.

Mimi si injinia. Nina diploma ya mambo ya stima na miaka kadhaa ya kupanda ngazi kwenye kuta za watu kabla sijaanza kuandika. Lakini hesabu ya jambo hili haihitaji injinia, yahitaji daftari na kalamu.

Mfano nitakaoutumia uko bara, Machakos. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alihamia huko akafungua studio ndogo ya chumba kimoja kwenye jengo la ghorofa mjini. Hurekodi benga ya Kikamba, kaswida za watoto wa madrasa, matangazo ya maduka, na katikati ya wiki huhariri video za harusi. Siku moja akanipigia simu. "Mjomba, nimepata jenereta ya kilowati tano, mkono wa pili. Mwenyewe anataka pesa kesho." Pesa zenyewe nilijua zimetoka wapi: nusu ni akiba yake, nusu ni bangili mbili za mama yake zilizopelekwa kwa sonara. Pesa za namna hiyo hazitafutwi mara ya pili. Nikamwambia asinunue chochote kwa siku 30, ila aweke daftari kando ya mita, na kila stima ikipotea aandike saa iliyopotea, saa iliyorudi, na alikuwa akifanya kazi gani.

Siku 30 zilipokwisha, daftari lilikuwa na mistari 11. Minane ilikuwa ya chini ya saa moja, na baadhi yake ilikuwa sekunde tu, ile stima ya kupepesa macho. Miwili ilikuwa ya saa tatu hadi nne, jioni. Mmoja ulikuwa wa kutwa, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na huo ulikuwa umetangazwa mapema na Kenya Power kwenye orodha yao ya kila wiki ya sehemu zitakazozimwa kwa matengenezo.

Tazama mistari hiyo vizuri. Ugonjwa mkubwa wa studio ile haukuwa giza la siku nzima. Ulikuwa ile sekunde moja ambayo kompyuta inazimika msanii akiwa katikati ya ubeti, faili linaharibika, na msanii aliyesafiri kutoka Kitui anaambiwa aanze upya. Jenereta ya kilowati tano isingemsaidia hapo hata kidogo. Mpaka uishuke ngazi, uivute kamba, ingurume, kazi imeshapotea.

Ndiyo maana nasema kila aina ya kukatika ina dawa yake. Kupepesa na dakika chache dawa yake ni UPS, lile sanduku dogo lenye betri ndani, ambalo kompyuta haihisi hata kama stima imeondoka. Saa moja hadi tano dawa yake ni betri kubwa na inveta. Kutwa nzima dawa yake ni betri ikisaidiwa na paneli za sola. Siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo jenereta inapopata heshima yake. Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hilo kuliko sisi, kwa sababu umeme unaotoka Tanzania bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Betri gani itakufikisha huko? Aliyekuwa na jenereta aliendelea kufanya kazi, ila kila saa ya mwanga aliilipia kwa mafuta.

Hapa Kenya tumezoea zile kubwa zinazoingia kwenye habari. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa giza mpaka kesho yake. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza, kwa kuwa jenereta ya akiba iliyotakiwa kuhudumia sehemu ya abiria ilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi hadharani. Novemba na Disemba mwaka ule ule mambo yakajirudia. Lakini ukiketi na daftari lako utakuta zile kubwa za kitaifa si nyingi. Zinazokula mfuko ni zile ndogo za mtaani, transfoma ikilipuka au mti ukiangukia waya, ambazo hakuna gazeti linaloziandika.

Baada ya daftari la saa, sasa daftari la wati. Kila kifaa kina kibandiko nyuma au chini kinachosema kinakula wati ngapi. Cha mpwa wangu kilikuwa hivi: kompyuta 150, skrini 30, sanduku la sauti na maikrofoni 20, spika mbili za kusikilizia 80, ruta ya intaneti 10, balbu tatu za LED 30, feni 60. Jumla wati 380. Kiyoyozi hana, na Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko si ya Mombasa. Wati 380 kwa saa nne ni 380 mara 4, yaani 1,520. Hiyo huitwa wati-saa, na ndiyo namba moja inayotakiwa kukuongoza dukani. Zilizobaki ni maneno.

Sasa linganisha na ile jenereta ya kilowati tano. Kilowati tano ni wati 5,000. Kijana alikuwa anataka kununua lori la kubebea kilo mbili za nyanya. Na jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo haili mafuta kidogo kwa kadiri ya mzigo; hata ikikaa bure inakunywa. Jenereta ndogo tu ya petroli, ya kilowati mbili hivi, huweza kunywa karibu lita moja kwa saa. Oktoba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika zaidi ya shilingi 217. Bei hiyo hupanda na kushuka kila tarehe 14 EPRA wanapotangaza, lakini wewe piga hesabu kwa bei ya leo: saa nne, lita nne, kila stima inapopotea. Halafu ongeza oili, plagi, na fundi. Na kwa mwenye studio kuna jambo la kuchekesha juu ya hayo yote: maikrofoni nzuri itarekodi jenereta pamoja na mwimbaji.

Pale pale kuna la hatari. Jenereta hutoa moshi wenye gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na inaua mtu akiwa amelala. Nimeona kwa macho yangu watu wakiiweka kwenye korido ya jengo au nyuma ya duka mlango ukiwa nusu wazi, ati isiibwe. Iwekwe nje kabisa, mbali na dirisha. Kama jengo lako halina pahali pa namna hiyo, basi suala la jenereta limeshajijibu, na majirani zako watakushukuru. Isitoshe, NEMA ina kanuni za kelele tangu 2009, na jirani akichoka ana pa kulalamikia.

Nije kwenye betri, ambapo pesa nyingi hupotea. Betri ya asidi iliyoandikwa volti 12 na ampea-saa 200 ina, kwa kuzidisha, wati-saa 2,400. Mnunuzi huona 2,400, akaona mahitaji yake ni 1,520, akafurahi. Lakini betri ya asidi haitaki kunywewa mpaka chini. Ukiipita nusu mara kwa mara unaiua, na betri iliyouzwa kuwa ya miaka mitano utaizika kabla ya miaka miwili. Kwa hiyo zako za kutumia ni 1,200. Inveta nayo hula yake, asilimia 10 hadi 15, ikabaki elfu moja na ushei. Studio ya wati 380 itazimika kabla ya saa ya tatu. Ili ufike saa nne bila kuumiza betri unataka mbili.

Betri ya lithiamu, hasa ile ya aina ya chuma na fosfeti iandikwayo LiFePO4, ni ghali siku ya kununua lakini tabia yake ni nyingine. Unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, na huchajiwa na kutumika mara 2,000 na zaidi, ambapo ya asidi huanza kuchoka kwenye mamia. Ya volti 24 na ampea-saa 100 ina wati-saa zipatazo 2,560. Toa asilimia 20 ya kuitunza, toa ya inveta, unabaki na 1,800 hivi. Studio inafika saa nne na nusu, na ushei. Moja tu, isiyotaka maji wala kutoa mvuke wa asidi ndani ya chumba ambamo watu wanaimba.

Kwetu pwani niongeze jambo. Joto ni adui wa betri, ya asidi hasa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya asidi hupungua karibu nusu. Chumba cha duka Majengo au Malindi, mwezi wa pili, bati juu na feni imezima, hufika nyuzi 35 bila taabu. Betri ile ile ikiwa Machakos itaishi zaidi kuliko ikiwa kwetu, na hapa tuna chumvi ya bahari inayokula vichwa vya nyaya. Ukiwa pwani weka betri chini, pahali penye hewa, na vichwa vyake vipakwe grisi.

Ujanja wa sokoni nao uko. Betri halisi ya asidi ya ampea-saa 200 ina risasi ndani, na risasi ni nzito: uzito wake ni karibu kilo 55 hadi 60. Ukiinyanyua mwenyewe kwa mikono miwili ukatembea nayo kama debe la mafuta, basi kibandiko kinasema uongo. Beba mizani ikibidi. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Inveta ndiyo inayogeuza stima ya betri kuwa ya 240 kama ya ukutani. Ziko za rahisi, ambazo stima yake ina wimbi la kukatakata kama ngazi, na ziko za pyua sain, ambazo wimbi lake ni laini kama la Kenya Power. Kwa balbu na chaja ya simu hutaona tofauti. Kwa studio ile ya rahisi ni sumu, kwani utasikia mngurumo kwenye kila wimbo na utadhani maikrofoni imekufa. Mota za feni na friza pia huchemka zikilishwa na wimbi bovu. Hapa usibane senti. Mzigo wa wati 380 unatosheka na inveta ya wati 1,000, lakini nilimshauri achukue ya 1,500, apate nafasi ya kukua, na iwe aina inayojibadilisha yenyewe kwa chini ya sekunde moja na yenye pahali pa kuingiza paneli siku za usoni. UPS ndogo kwenye kompyuta bado ibaki, iizibe ile nukta ya kubadilisha.

Wenye biashara nyingine wasinakili hesabu hii wakaenda nayo dukani. Kinyozi mashine zake ni wati chache tu, inveta ndogo yamtosha. Saluni yenye mashine ya kukaushia nywele ni habari nyingine, hiyo hufika wati 1,500 kichwa kimoja. Fotokopi ya leza hula kidogo ikiwa imekaa lakini huruka juu kila inapopasha moto. Birika la stima na pasi, wacha kabisa, chemsha chai kwa gesi. Friza ya samaki ina siri yake: inapoanza kuwaka huvuta mara kadhaa zaidi ya wati zilizoandikwa, kwa hiyo inveta inayoonekana kutosha huzimika pale pale. Lakini muuza samaki ana bahati ambayo mwenye studio hana. Friza iliyojaa na kugandishwa vizuri, isipofunguliwafunguliwa, hukaa na baridi yake karibu siku mbili. Iliyo nusu, siku moja. Kwa stima ya kupotea saa tatu huhitaji chochote zaidi ya kufuli na mfanyakazi asiyeifungua kila mteja akiuliza changu yupo.

Na paneli? Watu wengi huanza na paneli, kwa kuwa ndizo zinazoonekana juu ya paa, na jirani akiziona anajua umefika. Mimi nasema zije mwisho. Betri yaweza kuchajiwa na stima ya kawaida ikiwepo, na kwa aliye mjini stima huwepo saa nyingi kuliko isivyokuwepo. Paneli zina faida yake kubwa siku zile za matengenezo, kwa sababu Kenya Power huzima mchana, saa ambazo jua nalo liko kazini. Studio ya wati 380 kwa saa nane yataka wati-saa 3,040. Paneli mbili za wati 450, kwa jua la saa nne na nusu na hasara za njiani, zaweza kuleta karibu 3,000. Ukijumlisha na iliyomo kwenye betri, siku inapita. Lakini Machakos mwezi wa saba si Mombasa. Juni mpaka Agosti huko ni mawingu na baridi, jua laweza kukaa siku tatu bila kuonekana, na paneli zile zile zikaleta nusu au chini yake.

Kuzielekeza ni rahisi kwa Mwislamu. Machakos na pwani yote ya Kenya ziko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo paneli hutazama kaskazini, na kibla chetu nacho ni kaskazini. Pale Mombasa ni kaskazini karibu kabisa. Fundi akikuuliza, mwoneshe mihrabu. Mlalo uwe mdogo, nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuziosha vumbi.

Kabla ya hayo yote, paa ni la nani? Mpwa wangu ni mpangaji. Mwenye jengo anaweza kukubali kwa mdomo leo na kesho akakudai kodi ya paa, au ukihama akakwambia kilichopigiliwa misumari ni chake. Maandishi kwanza, paneli baadaye. Betri na inveta unahama navyo.

Fundi naye achaguliwe. EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa stima na wa sola. Mwombe akuoneshe yake, na asikasirike. Kazi yenyewe iwe na breka kati ya betri na inveta, waya mnene wa kutosha, na waya wa ethi ulioingia ardhini kweli. Studio isiyo na ethi hunguruma hata ikiwa na vifaa vya bei ya juu. Na pasiwe na ule waya wa vichwa viwili vya kiume, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Stima ile hutoka nje ikapanda nguzo, na fundi wa Kenya Power aliyeko juu, anayeamini waya umekufa, ndiye anayekufa. Swichi ya kubadilishia ipo madukani. Inunue.

Juu ya malipo nitasema machache. Vifaa hivi sasa huuzwa kwa awamu, na bei ya awamu ukiijumlisha mpaka mwisho ni tofauti na ile ya kibandiko. Jumlisha kwanza. Anayeogopa riba ana njia ya murabaha kwenye benki za Kiislamu, ambazo hapa Kenya ziko tangu 2008, benki inanunua kifaa kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh. Mpwa wangu alilipa taslimu, kwa zile zile pesa za jenereta ya mkono wa pili: lithiamu moja, inveta ya 1,500, UPS ndogo, na fundi. Paneli hakununua. Zikabaki pesa kidogo, ambazo nilimwambia azirudishe kwa mama yake. Sijui kama alifanya hivyo, na dada yangu hajaniambia.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla wateja hawajafika, yeye huzima swichi kubwa mwenyewe, akawasha kila kitu, akaanza kuhesabu saa. Mara ya kwanza studio ilikaa saa nne na dakika 35. Anaiandika kwenye daftari lile lile. Ikifika saa tatu atajua betri imeanza kuzeeka, kabla ya msanii wa kutoka Kitui kumwambia.